Kinyonga wa Baba Amevaa Nyeusi

Mama Bakoly, shikamoo.

Sijawahi kuandikia gazeti tangu nizaliwe, na hata hii naiandika nikiwa nimekalia gunia la karoti nyuma ya nyumba ili mama mkwe asinione, maana akiniona atauliza naandika nini, na nikimwambia atasema sasa wazimu umenipanda kichwani, na kusema kweli sina hakika kama atakuwa amekosea. Shida yangu ni kinyonga. Usicheke kwanza, mama yangu, nisome mpaka mwisho halafu ndiyo ucheke.

Mimi ni mzaliwa wa Ambanja, kule kaskazini kwenye joto, nimeolewa huku Antsirabe milimani mwaka wa kumi na sita sasa, nauza karoti na viazi sokoni. Baba yangu, Jaovelo, alikuwa mkaushaji wa kakao maisha yake yote, na mbele ya nyumba yetu palikuwa na uzio wa miti mibichi, mikahawa iliyoachwa ikaota ovyo, mipera, na mlangilangi mmoja mzee uliopogolewa mara nyingi mpaka ukawa umepinda mgongo, na uzio huo ulijaa vinyonga, madume yetu yale ya buluu na kijani, na majike yao madogo ya rangi ya tofali. Kila asubuhi baba alitoka na kikombe chake cha kahawa akapita polepole kando ya uzio akiwasabahi mmoja mmoja. Hakumgusa hata mmoja. Akiona panzi alimdaka akamweka juu ya jani akaenda zake, na akitaka kutuonyesha kitu alikunja kidole akaelekeza kwa kifundo, vile tunavyoelekezea makaburi, maana kumnyooshea kinyonga kidole ni kukosa adabu. Watu wakienda kazini walimtania, "Jaovelo, watu wako hawajambo?" Naye bila hata kugeuka anajibu, "Hawajambo, ila mmoja kabadilisha shati mapema hii, sijui anakwenda kwa nani." Utani huohuo kila siku ya Mungu, na kila siku wanacheka. Mpaka leo nikinusa sabuni yenye harufu ya mlangilangi dukani nasimama, watu wananipita, mwenye duka ananiuliza, "Dada, umesahau ulichokuja kununua?" na kweli nimesahau.

Baba alifariki mwezi wa tatu. Nilifika, nikashika masufuria, maana mimi ndiye binti mkubwa, siku nne mfululizo nawapikia watu wali na nyama, nahesabu sahani, nagombana na wapiga ngoma, nikaondoka pale sijatoa hata chozi moja, nikisema nitalia nikifika kwangu. Siku ya tano nikajua kaka zangu wamekwisha kuiuza nyumba kwa mtu anayetaka kujenga ukuta wa matofali, na kabla sijafunga mizigo vijana wawili wakaja na mapanga wakaanza kuufyeka uzio. Niliwaona vinyonga wanaanguka na matawi, Mama Bakoly, wanajikokota kwenye vumbi kwa mwendo wao ule, na sikuweza kuwasaidia wote, nikamwokota mmoja aliyeangukia karibu na mguu wangu, jike dogo tu, hata si zuri, nikamtia kwenye kofia ya baba ya ukindu nikaifunika kwa leso, nikaja naye mpaka huku.

Mume wangu Haja ni mtu mwema, lakini tangu siku hiyo anaingia jikoni ubavuubavu kama mtu anayepita penye mbwa asiyefungwa. Aliniambia tu, "Mke wangu, wenzako wakitoka msibani huja na picha." Mama yake ndiye kazi. Bi Raketaka ana miaka themanini na moja na hapa ndani neno lake ndilo sheria. Alimtazama kinyonga anavyotembea, mguu mbele, anasita, anarudi nyuma, mbele tena, akasema, "Huyo anapima kaburi. Akikanyaga ardhi ya nyumba hii, amepata kipimo." Nikabembeleza, nikapiga magoti, akakubali kwa sharti moja, kwamba asiguse chini hata siku moja. Basi nikamtia kwenye tenga la kubebea kuku, nikalining'iniza kwenye boriti juu ya jiko la mkaa ili apate joto, maana huku kwenu mwezi wa tano mtu anavuta pumzi anaona moshi. Maji nikamwekea kwenye kifuniko cha chupa. Chakula nilimpa panzi, akala vizuri wiki za mwanzo, panzi walipoadimika kwa baridi nikampa nzi niliowaua, vipande vya nyama, hata wali. Usinishangae, baba hakuwafuga, walijiishia wenyewe, kwa hiyo mimi nimekua nao na sijui chochote juu yao.

Sasa leo ni siku ya tisa hajala. Rangi yake ya tofali imekwenda, amekuwa mweusi, mweusi na madoa ya machungwa, nikimsogelea ananifungulia kinywa. Tumbo limemvimba lina uvimbe uvimbe kama kifuko cha karanga. Anashuka chini ya tenga, anakwaruza, anakwaruza, anataka kutoka, na kila akishuka mama mkwe anapiga kelele "Anapima huyo!" na mimi namrudisha juu kwa kijiti. Mwanzo nilisema ni ugonjwa. Halafu nikamtazama asubuhi moja nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Anamlilia baba. Amekataa chakula, amevaa nyeusi. Nikajiambia, haya, angalau mmoja wetu amevaa, maana mimi hicho kilio nilichokiahirisha hakijaja mpaka leo, nakaa nakingoja kama mgeni aliyesema anakuja.

Jumapili ya wiki ijayo kina mama wa kanisani wanakuja kusali kwetu, na mama mkwe amesema wakifika wasimkute yule mnyama, ama yeye ama mimi. Nimwachilie nje? Huku umande unaganda. Nimrudishe Ambanja? Uzio haupo. Nimwache afe hapa kwa huzuni yake? Akifa huyu, Mama Bakoly, kwa baba yangu kumekwisha, sina tena pa kushika. Niambie nifanyeje.

Ni mimi, binti wa Jaovelo, Antsirabe. Namba ya simu naiweka hapa chini, lakini simu ni ya nyumba nzima.


MAMA BAKOLY ANAJIBU

Marahaba, binti Jaovelo.

Barua yako ilinifikia Jumanne, gazeti linatoka Ijumaa, na kwa huyo mnyama wako siku tatu zilikuwa nyingi mno. Nikapiga simu. Wewe ulikuwa sokoni na karoti zako, na yaliyotokea nyumbani kwako unayajua. Lakini wasomaji hawayajui, na nina hakika yuko mwingine mahali fulani aliyemning'iniza kinyonga juu ya jiko, kwa hiyo nakujibu hadharani, na nakugombeza hadharani.

Kinyonga wako hana huzuni. Ana mimba.

Hayo madoa ya machungwa kwenye nyeusi ni namna jike la kwenu linavyowaambia madume, "Nina mzigo, nipisheni." Hizo karanga tumboni ni mayai. Amekataa kula kwa sababu nafasi ya chakula imejaa watoto, na anashuka anakwaruza kwa sababu anatafuta udongo wa kuchimba ayatage. Wewe unamtoa kwenye uchungu kwa kijiti unamrudisha darini, siku tisa! Asipopata udongo huyashikilia, na akiyashikilia sana yanamwoza ndani, anakufa. Umeishi naye mwezi na nusu unamtazama uso akulilie baba yako, tumbo hukuliangalia.

Najua haya kwa sababu nimewahi kuua. Nilipokuwa msichana nilifanya kazi miaka kumi na moja kwenye boma la tajiri mmoja aliyekuwa akipeleka vinyonga ng'ambo, amekwisha kufa na biashara yake ilikufa kabla yake. Wanaume wa kwenu walikuja na mifuko ya nguo, na kila mfuko una kinyonga, na pamoja nao walileta vanila kidogo ya kutuhonga na habari za kaskazini, nani kaoa, mto gani umekula daraja. Boma zima lilinukia majani ya mpera, tukawa tunaimba tukinyunyizia maji asubuhi. Niliipenda sana kazi ile, naiota mpaka leo. Na majike yalikuwa yanatufia, tukisema ni baridi, ni macho ya watu, ni safari. Siku moja mtegaji mzee wa vinyonga aliniona natupa mmoja akaniuliza, "Huyo ulimpa udongo?" Nikamwambia ni mnyama wa mtini, udongo wa nini? Alichana tumbo kwa wembe akanionyesha mayai. Nikiwakumbuka niliowatupa kabla ya hapo sipendi kuhesabu.

Kwa hiyo nilivyosoma barua yako sikusubiri. Simu ikapokelewa na sauti ya bibi.

"Nani?"

"Naitwa Bakoly, Bibi, shikamoo. Napiga kutoka gazetini."

"Hapa hatununui gazeti."

"Siuzi, Bibi. Naulizia kinyonga. Yu hai bado?"

Nadhani alijiuliza habari za boriti yake zimefikaje gazetini. "Yu hai. Yuko anapima."

"Hapimi. Ni jike, lina mayai, linatafuta pa kutagia. Kila mkimrudisha juu mnamrudisha na uchungu wake."

"Nani ana uchungu?"

"Kinyonga, Bibi."

"Tangu lini?"

"Mkweo kaandika siku tisa. Barua imekaa njiani siku tatu."

Nikasikia kiti kinasukumwa. "Siku kumi na mbili," alisema, na sauti ilikuwa nyingine kabisa, "siku kumi na mbili mtu ana uchungu, nasi tumemtundika darini kama kitunguu!" Halafu akapiga ukelele ambao nusura unipasue sikio: "Haja! Haja wee! Lete ndoo! Si hiyo ya maziwa, zezeta, ile kubwa!"

Nikamwambia atie mchanga na udongo wa bustani, nusu kwa nusu, uwe mbichi kiasi kwamba ukiufinya unashikana na haudondoshi maji, na kina chake kitoke ncha za vidole kikaribie kiwiko.

"Kiwiko cha nani?"

"Chako, Bibi."

"Mimi mfupi. Tutatumia cha Haja." Halafu akakumbuka. "Ngoja kwanza. Akikanyaga ardhi je?"

Hilo nilimwachia mwenyewe, binti Jaovelo. Mimi si mtu wa kumfundisha mzee wa miaka themanini na moja miiko ya nyumba yake. Akajijibu, taratibu, kama hakimu: "Ardhi ya kwenye ndoo inabebeka. Inatoka na kuingia. Ardhi ya ndoo si ardhi ya nyumba." Kesi ikaisha hapo, na uliporudi kutoka sokoni ukamkuta mama mkwe wako amejaa udongo mpaka kwenye nywele.

Sasa sikiliza ya kuanzia leo, na wenzako wanaosoma wasikilize pia.

Tenga la kuku liondoe. Na kile chombo cha kioo ambacho wengine wenu mnajivunia mkiondoe pia, humo hewa inalala, na kinyonga akijiona kwenye kioo anadhani ana mgomvi, anaishi kwa hasira mpaka anakonda. Mwambie Haja aunde fremu ya mbao inayomfika kifuani, aizungushie wavu laini wa chekecheke. Kinyonga hana haja na upana, anataka kupanda. Ndani weka matawi ya unene wa kidole chako, mengine yalale, mengine yapande, na mti mmoja mbichi kwenye chungu, mpera au mkahawa, ili apate mahali pa kujificha macho ya watu. Akae peke yake. Usimwonee huruma ukamletea mwenzake, wala usimtafutie mume.

Mbali na jiko! Moshi wa mkaa unamuua mtu mzima mwenye mapafu ya kubeba gunia, itakuwa yeye? Mchana mpe balbu ya zamani ile inayochoma, itundike nje ya wavu, juu ya tawi moja tu, akitaka joto asogee, akichoka aondoke. Asubuhi jua likishika mtoe uani nusu saa, jua lenyewe, lisipite kwenye kioo cha dirisha. Umeme ukikatika, na utakatika, mfunike kwa blanketi. Ubaridi kidogo anavumilia, umande wa kuganda hapana.

Maji ya kwenye kifuniko hayaoni. Kwa macho yake maji ni kitu kinachometameta juu ya jani, kama mvua ya kwenu. Toboa chupa kwa sindano, itundike juu ya mti, idondoke tone tone, na asubuhi na jioni mnyunyizie majani. Mkimwona anaramba, mwacheni arambe hadi atosheke, mnaweza kunywa chai mkamaliza yeye bado. Macho yakianza kumzama ndani, basi ana kiu na umemchelewesha.

Chakula lazima kitembee. Kisichotembea kwake si chakula, ni uchafu, ndiyo maana wali wako aliuangalia tu. Wali, jamani! Kwa kinyonga! Mtafutie panzi, nyenje, mende, lakini mende wa kufuga, si yule wa jikoni aliyelamba dawa ya wadudu. Wafuge kwenye debe lenye trei za mayai, uwalishe karoti na majani mabichi, nawe karoti unazo hadi za kukalia. Mdudu aliyeshiba karoti ndiye anayemshibisha kinyonga. Na mara mbili kwa wiki saga maganda ya mayai ya kuku yawe unga laini, wapakaze wadudu, kwa sababu mwenzako ametoa mifupa yake kutengeneza maganda ya wanawe. Mdudu mmoja asizidi upana wa kichwa chake. Sasa hivi aliyetoka kutaga mlishe kila siku, akinenepa rudi siku moja ale, siku moja apumzike.

Na vibali. Kuwaweka ndani wanyama wa porini kuna taratibu zake. Nenda ofisi ya misitu ukaeleze kama ulivyonieleza mimi, hata hilo la kofia waambie, uwaulize ufanye nini. Usiogope kwenda. Ogopa kukutwa hujaenda.

Sasa kuna neno sikulisema kwenye simu, kwa sababu simu ni ya nyumba nzima.

Ulimpa mnyama kazi isiyo yake. Alikuwa anataka kuishi, akili yake yote ilikuwa kwenye watoto, nawe ukamvika msiba ili wewe uendelee kuuza karoti. Nakuelewa, mwanangu. Mabinti wakubwa ndivyo tulivyo, tunashika masufuria, tunahesabu sahani za wenzetu, tunasema nitalia baadaye, na hiyo baadaye inatukuta tumekaa kwenye gunia. Mimi baba yangu nilimlilia mwaka wa pili, ndani ya benki, mtu mbele yangu alikuwa na kikohozi kama chake. Kwa hiyo usikae unakingoja kilio kama mgeni. Jumamosi usiende sokoni. Mwambie Haja afunge mlango, uketi, na umsimulie habari za baba mwanzo mpaka mwisho, kahawa, kifundo cha kidole, lile shati lililobadilishwa mapema. Msimulie kwa sauti. Haja ni mtu mwema, umesema mwenyewe, atasikiliza, na utakapofika pale mapanga yanapoingia kwenye uzio, hutahitaji mtu wa kukufundisha.

Kwa wasomaji wanaotaka kujua yaliyofuata, Jumatano asubuhi simu yangu iliita. Bi Raketaka. Alikuwa ananong'ona.

"Ameingia kichwa kwanza," aliniambia. "Amechimba, kabakia mkia tu. Nimemfunika kwa shali yangu. Redio nimeizima, na hapa jikoni haingii mtu, tumekula wali wa jana uani, kwenye baridi. Haja analalamika. Nimemwambia, wewe siku unazaliwa kuna mtu alipiga redio?"

Alhamisi akapiga tena. Kinyonga ametoka, mwembamba kama utepe, matope mpaka kwenye kope, amejifukia mayai yake mwenyewe, akapanda tawini akaramba maji muda wa kuchambua mchele wote wa mchana. Mayai ni ishirini na tatu. Bibi ameyatoa moja moja kwa kijiko cha sukari, akayalaza kwenye boksi la mchanga mbichi kama nilivyomwagiza, bila kuyageuza, juu kumewekwa alama ya penseli ili upande wa juu ubaki juu. Boksi liko kwenye rafu, mbali na jiko. Na kina mama wa kanisani, nimeambiwa, Jumapili watasalia uani.

"Yataanguliwa lini?" akaniuliza.

"Yanachelewa, Bibi. Miezi minane, kumi, pengine mwaka mzima. Kwenye baridi yenu hiyo, mwaka."

Nilimsikia akihesabu miezi kwa kunong'ona.

"Na wakiisha kuanguliwa, hawawezi kuishi huku."

"Hawawezi. Ofisi ya misitu wakiridhia, warudishwe Ambanja joto likiwa zuri, waachiliwe kwenye mashamba ya kakao. Uzio wa mzee haupo, lakini mikakao ipo, na kivuli kipo. Mkweo atawapeleka."

"Peke yake?"

"Na Haja, labda."

"Haja anamwogopa hata mmoja, atabeba ishirini na tatu?" Akashusha pumzi. "Miaka kumi na sita binti wa watu yuko nyumbani kwangu, sijatia mguu kwao. Mzee amekufa sikwenda, nilisema njia ni ndefu na mgongo unaniuma. Mgongo haukuwa unaniuma. Mwandikie kwenye gazeti lako asiondoke bila mimi."

"Bibi, ni siku tatu barabarani."

"Wewe mwana wa nani?" alinikemea, na hapo kunong'ona alikwisha kukusahau. "Watoto wanapelekwa kwa babu yao mara ya kwanza, wakifika mlangoni waulizwe, bibi yenu yuko wapi, wajibu nini?"